UZI: Pepeo za Kijapani zenye ndege na maua. Tunazoziona leo ni zile ambazo hazikumpepea mtu

Kalamu_ya_Mkaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza tuwekane sawa kwenye neno. Nitasema "upepeo", wingi "pepeo", yaani kile kitu cha kujipepea joto likizidi. Najua wengi tunaita kipepeo, lakini mara ya mwisho niliandika humu "vipepeo vya Kijapani" nikatumiwa picha za wadudu.

Mimi nachapa fulana kwa skrini. Rangi nne ni skrini nne, na moja ikihama milimita moja tu mdomo wa simba unakuwa shavuni, mteja anakataa mzigo. Ndiyo maana nilianza kuchunguza watu wa zamani walifanyaje bila mashine, nikaangukia chapa za vibao vya mbao za Japani. Wengi mnalijua lile wimbi kubwa la mchoraji Hokusai. Mimi wimbi nimeliacha, nimekwama kwenye kitu kidogo kinachoitwa uchiwa-e: picha zilizochapwa ili zibandikwe kwenye upepeo.

Uchiwa ni upepeo usiokunjika. Mwanzi unapasuliwa vijiti vyembamba, vinatandazwa kama vidole vya mkono, kisha karatasi inabandikwa mbele na nyuma. (Ule unaokunjika unaitwa sensu, una mambo yake.) Karatasi ya picha ni kama sentimita 23 kwa 30. Picha yenyewe ina pembe za mviringo, na chini katikati kuna kipande kimeng'atwa, pale mpini unapoingilia.

Zilichapwa Edo, Tokyo ya leo, zikauzwa msimu wa joto. Unanunua, unajipepea Juni mpaka Agosti, karatasi inalegea, inachanika, unatupa. Mwakani unanunua yenye picha mpya. Hiroshige (1797–1858), fundi mkubwa wa mandhari, alichora mamia ya picha za namna hii, nyingi za mandhari, nyingine za ndege na maua, aina ambayo Wajapani wanaiita kachō-e, "picha za ua na ndege".

Sasa kilichoninyima usingizi ni hiki. Pepeo zilizofanya kazi yake zimeisha. Zilizobaki makumbusho, nyingi ni karatasi ambazo hazikuwahi kubandikwa kwenye mwanzi: sampuli alizoweka mchapishaji, au mzigo uliododa. Zipo chache zilizobanduliwa kutoka kwenye vijiti, na hizo unazijua haraka, zina mistari inayotawanyika kutoka chini kwenda juu kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Kwa hiyo tunapoangalia pepeo nzuri nzuri za karne ya 19, tunaangalia zile ambazo hazikumpoza mtu jasho hata siku moja.

Karibuni.

---

Mzee_wa_Mizania

Mkuu, uandishi mzuri. Swali la kizamani: ndege na maua kwenye karatasi, hiyo inaleta ugali mezani?

---

Kalamu_ya_Mkaa

Kwa wale jamaa ilikuwa ugali wenyewe (wali, tuseme). Mchoraji alikuwa kibarua mmoja kati ya wanne. Mwenye mtaji ni mchapishaji, hanmoto: anaamua picha gani itauza, anamlipa mchoraji, mchongaji na mpiga chapa, kisha anabaki na vibao. Vibao ni mali yake, akitaka kurudia kuchapa anarudia.

Biashara ya pepeo Edo ilikusanyika mtaa wa Horie-chō, upande wa Nihonbashi. Mmoja wa wachapishaji waliofanya kazi sana na Hiroshige ni Ibaya Senzaburō. Duka la ukoo huo, Ibasen, linajitambulisha kuwa lilianza 1590 na liko Nihonbashi mpaka leo, linauza pepeo.

Na siasa iliingia humo humo. Picha zilizokuwa zikiuza kuliko zote ni za waigizaji wa kabuki (michezo ya jukwaani) na warembo. Mwaka 1842 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, katika mageuzi yake ya kubana anasa, ikapiga marufuku chapa za waigizaji na malaya. Mchapishaji afanye nini, joto linakuja na pepeo lazima ziuzwe? Mandhari, watoto, hadithi za mafunzo, ndege na maua. Shomoro hana kesi. Kila karatasi ilikuwa na muhuri wa mkaguzi, na kwenye pepeo mara nyingi upo na muhuri wa mwaka, ndiyo maana leo watu wanaweza kusema hii ni ya mwaka fulani bila kupiga ramli.

---

Mama_Ukindu

Mwanangu, mimi nasuka pepeo za ukindu tangu sijaolewa, hapa Pemba. Nimefungua hiyo picha uliyoweka nikaicheka. Kwetu upepeo ukishaota mkono, ua unalisuka kulizunguka jani lote, kwa sababu rangi ndiyo iliyo kwenye ukindu. Huyo wa kwenu kachora halafu anachomeka mpini. Je, mpini hauli picha?

Na hilo la kununua kila mwaka silishangai. Upepeo wa jikoni hauna umri. Wa harusini, wa kumpepea biharusi, huo unawekwa sandukuni na haupepei tena.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Shikamoo Mama. Hilo la sandukuni umenimaliza, ndilo hasa nilikuwa nazunguka zunguka kulisema.

Mpini unakula picha, ndiyo, na hapo ndipo unamjua mchoraji. Hebu fikiria umepewa umbo lenye mabega ya mviringo na shimo chini katikati. Ukimweka ndege wako katikati chini, mpini unamtoboa tumbo. Kwa hiyo tawi linaingia kutoka ubavuni, mara nyingi kutoka kona ya chini, linapanda kwa mshazari, linakatika ghafla kwenye ukingo kama vile mti unaendelea nje ya upepeo. Ndege anakaa juu kidogo ya katikati au anashuka kutoka angani. Chini panaachwa maji, ukungu, au karatasi tupu. Mwanzoni nilidhani ule uwazi ni falsafa. Sehemu yake kubwa ni mpini tu.

Linganisha na chapa nyingine za Hiroshige za miaka ya 1830, zile ndefu nyembamba kama kibandiko cha ukutani. Kuna moja ya shomoro na maua ya tsubaki (nduguye mchai) theluji ikianguka. Pale ana nafasi ya kushuka, shairi linakaa juu, ndege chini. Kwenye upepeo hana huo urefu, analazimika kuwaza kwa mduara.

Halafu nenda kamuone Hokusai. Makumbusho ya Metropolitan kule New York wana karatasi yake ya upepeo ya mwanzoni mwa miaka ya 1830, haikukatwa: jogoo, tetea na kifaranga, pamoja na ua dogo la buluu. Hokusai hakuacha uwazi wa adabu. Kawajaza kuku mpaka unasikia manyoya yanakwaruza ukingo. Picha za makumbusho hayo na za Rijksmuseum ya Amsterdam zinapatikana bure mtandaoni, unaweza kuvuta karibu mpaka unaona nyuzi za karatasi.

---

Mtu_wa_Nagoya

Salamu kutoka huku. Niko kwenye magari yaliyotumika, mwaka wa tisa sasa. Niwape ya mtaani.

Uchiwa haijafa. Julai hapa joto ni la kunata, unatoka kuoga unaloa tena. Ukitoka stesheni kuna vijana wanagawa uchiwa bure, vijiti vya plastiki, tangazo la simu au la duka la miwani. Nina kama kumi chini ya kiti cha gari. Agosti ikiisha naona zimejaa kwenye mapipa ya taka. Kwa hiyo hiyo habari ya kununua na kutupa ni ile ile, ila sasa ni kupewa na kutupa.

Za mwanzi wa kweli zina miji yake mitatu inayotajwa: Marugame, mkoa wa Kagawa, ndiko zinakotoka asilimia 90 hivi ya uchiwa zote za Japani. Kyoto wana zao, mpini unachongwa pembeni kisha unachomekwa, hizo ndizo za kifahari. Na Bōshū, mkoa wa Chiba, wao wanachukua mwanzi mmoja wa mviringo, mpini na mbavu ni kipande hicho hicho, wanaupasua vijiti 48 mpaka 64. Ukiishika ya Bōshū kiganjani unasikia mduara wa mwanzi, haikukati kama ya plastiki.

---

Fundi_Seremala

Hapo kwenye vibao ndipo nilipoingia. Mti gani? Unakatwaje? Maana kuchonga manyoya ya ndege kwenye mbao, nyuzi zikikukatalia umekwisha.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Fundi, umekuja. Ni mcheri wa mwituni, yamazakura. Mgumu, nyuzi zake zimebanana. Wanaupasua kwa urefu wa nyuzi, ubao wa kawaida kama wa meza. Wachongaji wa Ulaya waliotaka mistari myembamba walikuwa wakichonga kwenye kichwa cha gogo, hawa wanachonga kwenye ubavu.

Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji anaibandika kifudifudi juu ya ubao, anaikwangua nyuma mpaka mistari ionekane, kisha anachonga na karatasi yake, kila mstari pande mbili. Akimaliza, mchoro umekwisha. Haupo tena. Watu wakiuliza "ya asili iko wapi?" jibu ni kwamba ililiwa na patasi.

Kibao cha kwanza ni cha mistari. Wanachapa nakala kadhaa, mchoraji anaonyesha rangi gani iende wapi, kila rangi inachongewa sehemu yake, mara nyingi ubao unatumika pande zote mbili.

Na ile siri niliyokuwa naitafuta mimi wa fulana: kwenye kila kibao kuna alama mbili zimechongwa kwenye ubao wenyewe, zinaitwa kentō. Moja ni pembe, kama herufi L, ya kuketisha kona ya karatasi. Nyingine ni ngazi ndogo iliyonyooka, ya kuegemeza ukingo. Basi. Kona inaketi, ukingo unaegemea, karatasi inashuka. Rangi ya nane inakaa palepale ilipokaa ya kwanza. Nilipoielewa nilikaa kimya kama dakika tano, nikafikiria hela niliyokwishalipa kwa fulana zilizoharibika.

Rangi inasuguliwa kwenye ubao kwa brashi pamoja na gundi ya mchele. Karatasi ni ya kōzo, jamaa ya mforsadi, imepakwa gundi na shabu ili wino usitambae, na inachapwa ikiwa na unyevu. Hakuna mashine ya kukandamiza. Wanasugua mgongo wa karatasi kwa baren, kisahani chenye kamba ya maganda ya mwanzi iliyozungushwa ndani, na nje kimefungwa kwa ganda la mwanzi.

Ule weupe wa yangeyange unaoonekana kama umeinuka? Hakuna rangi pale. Kibao kimechongwa manyoya, kinachapwa kikavu, karatasi inabaki na makunyanzi. Ukiishika chini ya taa ya ubavuni manyoya yanatokea, ukiigeuza yanapotea.

---

Fundi_Seremala

Mcheri hatuna. Ungejaribu mpera au mchungwa uliokauka vizuri, nyuzi zake ni ndogo. Mninga usihangaike nao kwa mistari myembamba. Mpingo utakuvunjia patasi.

---

Binti_wa_Maktaba

Niongeze kuhusu rangi, maana hapo ndipo pepeo zina heshima yao kwenye historia na watu hawasemi.

Buluu ya zamani ya chapa ilikuwa nili, au ile ya ua la tsuyukusa. Hilo tsuyukusa ndilo ua lililo kwenye kuku wa Hokusai, na ni jamaa wa karibu wa yale majani ya shambani kwetu yenye ua dogo la buluu linalofunga mchana. Sura nzuri, roho nyepesi: mwanga na unyevu vinaifuta. Chapa nyingi za karne ya 18 ambazo leo mbingu yake ni ya manjano hafifu, ilikuwa buluu.

Kisha ikaja buluu iliyotengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Iliingia Japani kwa meli za Waholanzi na Wachina kupitia Nagasaki, Wajapani wakaiita bero-ai, "nili ya Berlin". Mwanzo ilikuwa ghali. Ilipoanza kutumika kwa wingi, miongoni mwa kazi za kwanza zilizochapwa kwa buluu hiyo karibu tupu ni upepeo wa mchoraji Keisai Eisen, 1829. Upepeo! Picha za mlima Fuji za Hokusai, pamoja na lile wimbi, zilifuata baada ya hapo. Na ukifikiri, inaingia akilini: unauza kitu cha kupoza joto, buluu yenyewe tayari inapoza.

Ndiyo maana pia utaona theluji kwenye pepeo za kiangazi. Na maji, na ua la asagao, ambalo ni la ukoo mmoja na kiazi kitamu, linafunguka alfajiri na kunyauka jua likipanda. Watu wa Edo walilipenda hadi wakawa wanashindana kulizalisha maumbo ya ajabu.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Binti, hapo kwenye buluu ongeza bokashi. Ile buluu nzito juu inayofifia ikishuka haikuchongwa popote. Mpiga chapa anafuta ubao kwa kitambaa chenye maji, anaweka rangi ukingo mmoja, anavuta brashi. Kila karatasi anarudia. Kwa hiyo pepeo mbili za kibao kimoja zinaweza kuwa na jioni mbili tofauti.

---

Mzee_wa_Mizania

Nimerudi. Sasa nauliza kwa nia njema. Mpwa wangu wa kike kanunua mtandaoni "upepeo halisi wa 1840, shomoro na mianzi". Kaupata, unang'aa kama kalenda ya mwaka mpya. Kaibiwa?

---

Binti_wa_Maktaba

Mzee, achukue lenzi, hata ya kamera ya simu akiikaribisha sana. Akiona vidoti vidogo vya rangi vimepangana kama mchele, hiyo ni picha ya mashine, bei yake ni ya fremu. Yalinikuta na mimi, muuzaji alikuwa na maneno matamu na stempu za dhahabu kwenye bahasha.

Kisha ageuze. Chapa ya mkono ina mgongo: rangi imezama ndani ya nyuzi mpaka inaonekana nyuma, na pengine kuna miduara ya baren. Nyuma ikiwa nyeupe kama shuka la hoteli, asubiri.

Ila asichanganye bandia na marudio. Kuna nakala zilizochongwa upya kwa mkono. Warsha ya Adachi kule Tokyo inafanya hivyo mpaka leo na inasema wazi. Hiyo si wizi.

Akitaka ndege na maua bila kufilisika amtafute Ohara Koson (1877–1945), mzaliwa wa Kanazawa, alichora karibu ndege watupu maisha yake yote, na alitumia pia majina ya Shōson na Hōson. Chapa zake zilikwenda sana Marekani na Ulaya.

---

Mtu_wa_Nagoya

Kuhusu shomoro na mianzi: huku ni jozi kama chai na maandazi. Take ni suzume, "shomoro kwenye mwanzi", iko mpaka kwenye mihuri ya koo za zamani. Mbayuwayu na mti wa majani yanayoning'inia. Korongo na msonobari. Bata bukini na mwezi na matete. Ukimpa Mjapani mzee ndege, anakutajia mmea na mwezi wake. Mke wangu aliona kanga moja ya mama yangu yenye tausi na maembe akauliza: "Huyu ni wa msimu gani?" Nikakosa jibu.

---

Mama_Ukindu

Mwambie ni wa msimu wa embe, khalas.

Lakini kanga hizo, mwanangu, zamani nyingine zilichapwa huko huko Japani. Miaka ya 50 na 60 zilikuwa zikija Mombasa na Unguja kwa meli, jina la Kiswahili limeandikwa vizuri na aliyeliandika hajui maana yake. Mama yangu alikuwa nazo, alizisifia rangi, hazichuji. Sasa nasikia hao hao ndio waliokuwa wakichapa ndege kwenye pepeo. Nilikuwa sijaunganisha.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Mama, ngoja nikae chini.

---

Mzee_wa_Mizania

Vidoti. Vimepangana kama mchele. Mpwa wangu kanuna, lakini kautundika sebuleni hivyo hivyo.

---

Kalamu_ya_Mkaa

(Wiki tano baadaye, samahani kwa ukimya.)

Fundi, nilipata mchungwa, kipande cha shina la mti uliokatwa jirani. Nimechonga shomoro mmoja na majani matatu ya mwanzi. Vibao viwili tu, mweusi na buluu. Kentō nimechonga kama inavyotakiwa, L na ngazi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kawaida ya ofisini, ikavimba kwa unyevu ikatoka kama chapati. Ya pili nilitumia karatasi nene ya kuchorea niliyoipaka gundi na shabu ya dukani. Gundi ya mchele niliipika nzito mno, buluu ikaganda mabonge kwenye mkia. Ya kumi na moja ndiyo ilikaa. Rangi mbili, na sikuona upenyo kati ya mstari na buluu. Mimi ninayelipa hela za fulana nimekaa nikaitazama kama mtu aliyepata mtoto.

Nikapasua mwanzi. Vijiti 20 tu, 64 ni za watu wa Bōshū. Nikabandika. Na pamoja na kelele zote nilizopiga humu, shomoro nilimchora chini mno, mpini ukampita mguuni. Anaonekana kama amesimama juu ya nguzo ya umeme.

Niliuacha mezani ukauke. Asubuhi bibi alikuwa anawasha jiko la mkaa, hakuona upepeo wake, akachukua ule. Nilipotoka nje shomoro alikuwa anakwenda mbio, cheche zinaruka. Ukingo wa chini umeungua kidogo upande wa kushoto, na kuna kidole cha masizi juu ya jani la mwanzi.

Nilitaka kumnyang'anya. Akaniuliza kwani upepeo una kazi gani nyingine.

---

Mama_Ukindu

Usimnyang'anye. Mpini umeufunga kwa nini, uzi au gundi? Joto la jiko likiulegeza utamwangukia mkaani. Zungusha ukindu mara tatu pale shingoni, kaza ukiwa bado mbichi.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Gundi tu, Mama. Nakwenda kuufunga sasa hivi.